Mwaka Huu Hakuna Debe

Wifi Minza,

Katibu wa kamati ya mbio ametangaza leo asubuhi, mbele ya ghala la pamba hapa Kahama, kwamba kesho Sabasaba wanawake watashindana kwa baiskeli bila kubeba debe la maji. Ametangaza kwa sauti, karatasi mkononi, na mimi nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kusikia kila neno. Ameweka sharti moja: wajiandikishe waendeshaji sita, kila mmoja na baiskeli yake, kabla ya saa kumi na mbili jioni. Wakipungua sita, hakuna mbio za wanawake, na nafasi yao uwanjani itapewa ngoma.

Mpaka sasa wako watano. Wa sita ni binti yako Kabula, na baiskeli hana.

Sikupiga vigelegele. Nilikwenda kukaa kwenye kivuli cha ghala, nikavua viatu. Nimechoka, wifi. Nimeripoti michezo ya mkoa huu tangu watu walipokuwa wakiniuliza mume wangu mwandishi yuko wapi, na tangazo hili nimelisubiri pamoja nawe miaka yote hiyo. Limekuja wewe ukiwa umelala Masumbwe, na sababu aliyoitoa katibu si ile uliyokuwa ukiidai. Amesema maji mwaka huu ni ya shida mjini, haifai kuyamwaga barabarani. Basi. Nimeandika hivyo hivyo alivyosema.

Nikupe habari za nyumbani kwanza, maana ungeziuliza kabla ya mbio.

Watoto wadogo wapo kwa mama yako Ushirombo. Wanakula, wanasoma. Yule wa mwisho ameacha kukuulizia, na sijui kama hiyo ni habari njema. Shamba lako la pamba limevunwa, mavuno si mabaya. Kabula yuko kwangu tangu tulipoondoa tanga. Anapika vizuri, anajibu vibaya, na viatu vyangu vya kanisani sasa ni vyake. Mumeo Luhende yuko machimboni upande wa Geita. Aliondoka siku ya pili baada ya tanga, akaondoka na baiskeli yako.

Sikumzuia. Ni mdogo wangu, namjua. Hakulia mazishini, alizunguka uani akiwauliza watu kama wamepata maji ya kunawa. Nilifikiri, mwache aende na kitu chako.

Wewe na mimi watu walitusubiri tugombane, kama wifi wanavyosubiriwa. Luhende mwenyewe alikuwa akitushangaa. Siku ile uliyonunua baiskeli kwa pamba yako mwenyewe, baiskeli ya kiume, ya Kichina, yenye bomba la katikati, alikuja kunishtakia. "Dada, mwambie wifi yako. Mwanamke atapandaje kitu kama hiki?" Nikamwambia aje akuulize wewe. Ukamjibu kwamba utakipanda kama yeye anavyokipanda, ila wewe hutaanguka ukitoka pombeni. Alicheka hata akasahau alilokuja kushtaki.

Ukaanza kwa kubeba maji, kisha pamba, kisha wagonjwa. Masumbwe nzima ilikujua kwa kengele. Halafu ikaja Sabasaba ile ya kwanza waliyowaita wanawake.

Tangu nikiwa msichana wa shule ya misheni, kila mbio tulizopewa zilikuwa na kitu cha kubeba: yai kwenye kijiko, chupa kichwani. Baadaye wasichana wa shule wakaruhusiwa kukimbia mikono mitupu, na redioni tukasikia wengine wamekwenda nje ya nchi kukimbia na kurusha mkuki. Lakini mwanamke aliyeolewa, mwenye watoto, alipoitwa uwanjani aliitwa na mzigo wake. Nyinyi mkafungiwa madebe kwenye keria za baiskeli. Nakumbuka mwamuzi akieleza kanuni: mshindi ni atakayefika na maji mengi. Alikuwa na kijiti chenye alama, akakitumbukiza katika kila debe, akasoma kama daktari.

Ulifika wa kwanza, mbali, wengine hawaonekani hata vumbi lao. Gauni limelowa mgongoni, maji yanachuruzika mpaka kwenye cheni. Watu walikuwa wanaanguka kwa kicheko. "Mama Kabula, umekuja kuoga?" "Mayu, mama yetu, hayo maji ya ng'ombe au ya mgeni rasmi?" Kijiti kikaingia. Ukawa wa nne. Alishinda mama mmoja mnene aliyekuja polepole kama anayetoka kanisani, na alikuwa mwerevu, alifunika debe kwa majani. Akaenda na yale maji nyumbani kupikia.

Hukumchukia. Ulikwenda kwa mwenyekiti wa kamati, umeshika baiskeli, ukamwambia, "Wanaume mnawapima mbio. Sisi mnatupima maji."

Akakuambia maji ndiyo kazi yenu, na watu wanafurahi.

"Na wanaume kazi yao kulima. Mbona hamkuwafungia jembe?"

Niliandika maneno yako yote mawili. Mhariri Dar es Salaam akayakata, akaacha mstari mmoja: akina mama walifurahisha umati kwa mbio za madebe. Hakuna jina, hakuna wa kwanza wala wa pili. Mwaka uliofuata nikaandika tena, akakata tena. Wewe ulikuwa ukija kununua gazeti stendi, unasoma pale pale umesimama, unalikunja, unasema, "Haya, tumefurahisha."

Halafu mwaka ule wa kujitoa. Wanaukumbuka hata watoto, wameufanya mchezo. Mlikuwa mmepangwa kwenye mstari, madebe yamejaa, mgeni rasmi ameketi. Ukashuka. Ukafungua mipira ya keria moja baada ya nyingine, bila haraka, ukalibeba debe lako ukaliweka chini mbele ya meza yake, taratibu, tone lisimwagike. Ukarudi kwenye baiskeli. Filimbi ikalia. Ulivyokwenda siku ile sijaona mwanamke akienda hivyo wala sitegemei. Uliwakuta wanaume wa nyuma nyuma wanamalizia mbio zao, ukawapita, na mmoja akatupa baiskeli yake kichakani kwa aibu.

Mwamuzi akatangaza, "Huyu amejitoa."

Ukasema, "Sijajitoa. Nimetoa debe."

Hawakukupa nafasi. Mwaka uliofuata walikuja wanawake watatu tu, wote wamekatazwa na waume zao kusimama karibu nawe. Ukafunga debe kama wengine, ukaendesha, ukawa wa pili kwa maji. Nilikuuliza kwa nini umekubali. Ulisema usipokuja watasema umechoka, na wewe umechoka kweli, lakini hutaki wao ndio waseme.

Sijui kama ninakuandikia habari hizi au ninajiandikia mwenyewe. Wewe unazijua.

Wiki iliyopita, uvumi wa mbio bila debe uliponifikia, nilipanda lori kwenda machimboni kumwona Luhende. Sikuenda kama mwandishi. Nilimkuta kwenye njia ya kutoka kwenye duara, shimo wanalochimba, anasukuma baiskeli yako na gunia la mawe kupeleka yanakotwangwa. Amekonda. Wenzake walinicheka kabla hajaniona. "Luhende, dada mkubwa amekuja kukukamata!" Mmoja akanisalimia kwa heshima, shikamoo mama, kisha akaniuliza kama ninanunua dhahabu.

Keria yako haipo tena. Ameiondoa, akamwambia fundi amchomelee nyingine ya nondo, nene kama ya kitanda. Nikamwambia shida yangu: baiskeli, siku moja, kwa ajili ya mtoto wake.

"Dada, hii ndiyo inanunua unga. Nikikosa siku moja, mawe yangu yanabebwa na mwingine, na kesho yake pia ni yake."

Nikamwambia baiskeli ni ya Minza.

Akafuta usukani kwa kiganja, vumbi likaingia zaidi. Akauliza, "Kabula anaweza?" Nikasema anaweza. Akasema, "Mama yake alikuwa haanguki," halafu akashika njia yake na gunia. Hakukubali, hakukataa. Nilirudi na lori lile lile, nimekaa juu ya magunia ya pamba, na nikajisemea kwamba nimefanya sehemu yangu.

Sikumwambia Kabula kwamba baba yake hakujibu. Nilimwambia hajafika bado. Ni kweli.

Wiki nzima tumetafuta baiskeli nyingine. Hakuna, wifi. Unajua mwezi wa saba ulivyo hapa. Kila kitu chenye magurudumu kiko njiani na pamba. Wenye baiskeli ni wanaume, na wanaume wapo kwenye mizani ya pamba. Mmoja alimwambia Kabula nitakupa yangu ukikubali kuwa mke wa pili. Binti yako akamwambia baiskeli yenyewe tairi zimekwisha, na mwenyewe pia. Nikamgombeza kwa sababu yule bwana ni mtu mzima. Nilikuwa ninacheka moyoni.

Saa hizi ni saa kumi. Kabula yuko nje mlangoni, ameketi juu ya kinu, anaangalia barabara ya Masumbwe na anajifanya anachambua mchele. Kwa katibu kuna mwanamuziki ameshafika kuulizia nafasi ya ngoma.

Naacha kuandika kwa muda. Narudi.

Luhende amefika.

Amekuja akiendesha, peke yake, nywele na nyusi nyeupe kwa vumbi la mawe, hata sikumtambua mpaka alipopiga kengele. Kabula alisimama, mchele ukamwagika. "Shikamoo baba." "Marahaba. Usiivunje." Hayo ndiyo maneno waliyosalimiana, baada ya miezi yote hii. Kisha akaomba maji ya kunywa, akanywa kata mbili, akaniambia keshokutwa alfajiri anaondoka nayo.

Tulikwenda wote watatu kwa fundi baiskeli wa sokoni. Fundi akaitazama ile keria, akasema aikate kwa msumeno, mtoto apate wepesi. Luhende akakataa. "Nikirudi nibebe mawe kichwani?" Ana haki, na mtoto ana haki, na mimi sina msumeno. Fundi akakaza breki, akatia mafuta kwenye cheni, akateremsha kiti. Kabula akainua gurudumu la nyuma kupima uzito. "Nzito," akasema. "Lakini inakwenda."

Kwa katibu tulifika bado jua lipo. Akamtazama Kabula toka kichwani mpaka viatu vyangu.

"Mume wako yuko wapi?"

"Sina mume. Nina baiskeli."

"Na hiyo keria ya nini? Nimesema bila mzigo."

"Kesho haibebi kitu."

Akaandika jina. Sita. Yule wa ngoma akaondoka akinung'unika, na Luhende akamwambia, "Pole, ndugu yangu. Sisi tumetoka mbali." Nikamtazama. Alikuwa analia, wifi. Kwa mara ya kwanza. Alidai ni vumbi, na kwa kweli vumbi lilikuwepo.

Sasa nikuambie jambo ambalo wengine hawatakuambia. Kabula hatashinda. Nimewaona wale watano. Yupo mkunga wa zahanati mwenye baiskeli nyepesi na miguu iliyokomaa, na wapo wawili wanaokwenda Isaka na kurudi kila gulio. Mtoto wako hajawahi kushindana hata siku moja, na nyuma yake kuna nondo. Nimemweleza hivyo wakati tukirudi, maana hapendi kudanganywa, amekufuata wewe. Akatembea kidogo, akauliza, "Nikiwa wa mwisho, shangazi, utaandika?"

Nikamwambia nitaandika.

"Jina langu lote?"

Lote.

Akafurahi kuliko kama ningemwambia atashinda. Nimelifikiria hilo tangu tuingie ndani. Sasa analala mapema, baba yake ameegemea ukuta uani karibu na baiskeli, amekataa mkeka.

Sina mengi, wifi. Mkono umechoka na chumba kina joto. Nilitaka uwepo, huo ndio ukweli, na sina namna nyingine ya kuuandika. Pumzika. Watoto nitawaangalia kadiri ya nguvu zangu, na mdogo wangu pia, ingawa ni mzito kuliko ile keria.

Ninachokuahidi ni hiki. Majina sita, kwa mpangilio watakaofika, wa kwanza mpaka wa mwisho. Mhariri akikata, nitamsomea upya. Mbio zinaanza kesho saa mbili asubuhi, kutoka ghala la pamba kwenda barabara ya Isaka na kurudi. Posta itafungwa kwa sikukuu. Inafunguliwa keshokutwa saa mbili, na nitakuwa wa kwanza kwenye simu, nimsomee mhariri.

Wifi yako,
Mbuke