Kisigino Kwapani

Wodi ya mifupa, kitanda cha dirishani

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe, shemeji na mama. Je, miguu ya mama imepungua kuvimba? Mimi ni mzima kwa kiasi cha mtu aliyelazwa, leo siku ya sita. Usimwambie mama kabla hujaimaliza barua hii.

Ni lile bega la kushoto, ulilonirudishia uani nilipodondoka kutoka paa la banda. Uliniwekea kisigino kwapani, ukavuta mkono, likaingia, tukacheka. Ukaniambia nisimwambie baba. Kesho yake nikashika jembe.

Tangu hapo limechomoka mara kumi na nne. Huku ghalani tunapanga magunia hadi darini, na safu ya juu ndiyo inayolichomoa. Wenzangu wakanibatiza Bawaba. Nalala nyuma ya magunia, mmoja ananivuta, msimamizi hana habari, baada ya dakika chache niko kazini. Nilijivunia ujinga huo, Kaka. Safari hii hakuna aliyethubutu kunivuta, wakanileta hapa. Sababu utaiona mbele.

Daktari wa upasuaji hakunificha. Alisema bega ni kama mpira uliokaa kwenye kisahani, na siku ile uani ukingo wa kisahani ulichanika. Ningepigwa picha mapema, huenda wangeushona kwa kupitia matundu madogo, na kovu lisizidi ukucha. Sasa mfupa wenyewe umelika, akishona tu litatoka kwa gunia la kwanza. Kwa hiyo kesho atakata kipande cha mfupa mbele ya bega hilohilo, akihamishie pale palipolika, akikaze kwa skrubu mbili. Nikamuuliza kama nitabeba tena. Akajibu kwamba nisiguse kitu kizito kwa miezi sita, kisha nitafute kazi isiyoinua mikono. Nikamwambia shule yangu iliishia njiani, kazi ninayoijua ni hiyo tu. Akaandika kitu kwenye faili.

Lakini hilo silo lililonifanya nishike kalamu.

Kitanda cha pili yuko Mrefu, niliyekuwa nikibeba naye magunia. Wiki tatu zilizopita alianguka kutoka juu ya magunia, bega likamtoka. Wote wakanitazama mimi, bingwa. Nikafanya ulivyonifanyia: kisigino kwapani, nikavuta. Nikasikia kitu kikikatika kama kijiti, nikawaambia tayari, limeingia. Wamemtia chuma, lakini mshipa wa fahamu umeumia, vidole havishiki hata kijiko. Yeye anaamini ni ule mwanguko, na wenzetu tangu siku hiyo wanaogopa kugusa bega la mtu. Kila anayekuja kumtazama anaambiwa, "Huyu Bawaba ndiye aliyeniokoa." Na kila asubuhi mimi ndiye niliyekuwa nikimfunga vifungo vya shati.

Jana nilimuuliza daktari, kana kwamba namuulizia mtu mwingine. Alisema mfupa wenye ufa tu unaweza kuachana kabisa ukivutwa kabla ya picha. Akanitazama kidogo, akaenda zake.

Leo asubuhi nimemwambia Mrefu. Hakunitukana. Aliangalia vidole vyake, kisha akauliza, "Ulikisikia kikikatika?" Nikasema nilikisikia. Akageukia ukutani, akamwita muuguzi aje amfunge vifungo.

Kaka, nasikia bado watu wanakuletea mabega yao na wanakusifu. Nakulaumu, sitakudanganya, ingawa wewe ulinitendea hivyo kwa kunipenda, na mimi nilimtendea Mrefu kwa kutaka sifa. Akija mwingine, ufunge mkono wake kwa kitambaa vilevile ulivyo, umpeleke hospitali. Hata akikulilia, kisigino chako kibaki chini.

Sasa unaweza kumwambia mama. Mwambie mkono wa kuandikia ni mzima.

Mdogo wako,
Bawaba