Herufi Saba za Mlango Ule

Alhamisi, mwezi wa saba. Baridi ya Babati imeingia hadi kwenye magoti, na mlima Kwaraa umejifunika wingu tangu asubuhi kama mtu asiyetaka kusalimiwa. Mimi nimeamka mkorofi.

Nina haki. Jana nilitolewa mchezoni.

Nieleze vizuri, maana mjukuu wangu Neema, aliyenifungulia blogu hii, amenionya nisitukane watu. Sitatukana. Nitawataja tu.

Hapa Nangara, nje ya duka la Shabani, kuna benchi. Tangu Mama Rehema wangu afariki, benchi hilo ndilo linaloniambia kwamba kumekucha. Zamani tulikuwa tunacheza drafti kwa vizibo vya soda. Mwaka huu Mwalimu Elias, mstaafu, akavichukua vizibo vyetu, akaviandika herufi kwa kalamu nene, akavitia kwenye kopo. Unachota saba, unaunda neno fupi la Kiingereza, halafu unasema maana yake. Neno bila maana halihesabiwi.

Jana niliunda neno nikakosa maana. Mara ya tatu wiki hii.

"Rangi," akasema Mwalimu. Ndivyo wanavyoniita, kwa sababu nilikuwa mwandika mabango. "Wewe una darasa la nne. Herufi unazo, maana huna. Kuanzia kesho utakuwa unatuandikia pointi tu."

Akanipa penseli. Mimi! Nikaishika kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa watu anayelia.

Kilichoniuma ni kwamba hakukosea sana.

Mkoa wetu wa Manyara ulipokuwa mpya, Babati ilijaa ofisi ghafla, na kila mlango ukataka maandishi. Nilikuwa na mkasi wa bati, brashi mbili na mkono usiotetemeka. Waliniletea maneno kwenye karatasi. Mimi nilitoboa kila herufi kwenye kipande chake cha bati, nikakiegemeza mlangoni, nikapitisha rangi. Kujua maana hakukuwa kwenye makubaliano.

Siku moja nikapewa karatasi ya NO ENTRY. Nikatoboa bati saba. N nilitoboa mbili, kwa kuwa sikuwa nimegundua kwamba moja ingepita mara mbili. Nikapaka rangi nyekundu, ikapendeza hadi karani mmoja akapiga mluzi. Nikafungasha vitu vyangu, nikaondoka. Nilipofika barabarani nikakumbuka kofia yangu imebaki ndani. Nikarudi, nikasukuma mlango uleule, nikaingia.

Mlinzi akanidaka koti kwa nyuma, likapasuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Hujui kusoma?"

"Kusoma nini? Hayo nimeandika mimi!"

Alicheka mpaka akakaa chini. Alipopata pumzi akanieleza: hakuna kuingia. Nilikuwa nimejizuia kwa mkono wangu mwenyewe, kwa rangi nyekundu, na kofia yangu iko upande wa pili.



Kofia waliniletea. Lakini zile bati saba nilikwenda nazo nyumbani, nikazitandaza mezani, nikaanza kuzihamishahamisha. Kila zilipokaa kama neno, nilitoka kwenda kuuliza: kwa karani, kwa katekista, kwa abiria wa basi la Arusha aliyekuwa anatafuna hindi la kuchoma. Majibu nikayaandika kwenye daftari, kwa namna yangu. TEN, kumi. NET, wavu, kama ule wa ziwani ambao kiboko aliupitia katikati bila kupiga hodi. TOE, kidole cha mguu. Changu kiliangukiwa na debe la rangi na hakina ukucha mpaka leo. RENT, kodi ya nyumba. TORN, imechanika; muulize mlinzi. TRY, jaribu.

Mlango mmoja wa kunizuia ulinipa maneno kumi na mawili. Mwenye mlango mpaka leo hana habari.

 Leo asubuhi niliogopa, sitaficha. Mzee wa umri wangu akikosa mahali pa kukaa mchana, kesho yake wanawe wanaanza kuulizana nani atamchukua. Nikazitia bati zangu kwenye mfuko nikaenda.

"Penseli iko wapi?" Mwalimu akauliza kabla hata ya salamu.

"Imelala nyumbani. Nimeleta bati."

Nikazipanga kwenye benchi. Nikamwambia: "Tucheze kwa herufi zangu leo. Nitaunda maneno yangu na kusema maana. Wewe nawe utaunda neno moja kwa herufi hizohizo, na maana yake nitasema mimi. Nikizijua zote, nacheza mpaka siku mtakayonizika. Nikishindwa hata moja, naondoka kwenye benchi hili. Siandiki pointi, sinywi kahawa."

"Kahawa nayo imekukosea nini?" akasema Shabani.

Tukaanza. Kumi ikapita, wavu ukapita. Kwenye TOE nilivua kiatu ili ushahidi uonekane.

"Funika hiyo, watu tunakunywa!" akapiga kelele Mzee Lohay.

Yote kumi na mawili yakapita.  Mwalimu akasogeza bati tatu kwa kidole: Y, E, T.

"Maana?"

Nikaziangalia. Miaka yote ile nimelala nazo nyumba moja, na sikuwahi kuzikalisha hivyo.

"Silijui."

Kwa kweli hakufurahi. Alivua miwani, akaifuta. "Masharti ni yako, Rangi."

Nikaanza kukusanya bati. Magoti yakalia, nikasimama. Hapo ukorofi wangu ukarudi, asante Mungu.

"Lohay, wewe una darasa la saba. Unalijua hilo neno?"

Lohay akatazama mlima. "Mimi nilikuja kunywa kahawa."

"Nakuuliza unalijua?"

"Silijui."

"Basi inuka. Asiyejua maana hakai hapa."

Akainuka. Baba Upendo, fundi viatu, hakungoja kuulizwa. Akaja kusimama karibu yangu na misumari yake mdomoni. Shabani akasema yeye alisoma madrasa na neno hilo halikuwemo, kisha akabeba chupa ya kahawa na vikombe vyake, akahamia upande wetu.

Mwalimu akabaki peke yake kwenye benchi refu. Akatikisa kopo la vizibo. Vikalia. Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Sasa nitacheza na nani?"

"Na wenye maana," nikamwambia.

Pikipiki mbili zikapita. Mwalimu akatazama kopo, akatutazama sisi tuliosimama juani kama wanafunzi waliochelewa.

"Ni neno dogo tu," akasema taratibu. "Yet. Maana yake bado. Haya, kaeni. Rangi, kaa."

"Yet," nikamjibu.

"Not yet!" akaruka juu. "Huwezi kulisema hivyo peke yake, lazima utangulize..."  Akaanza kucheka, miwani ikamteleza puani.

"Umeona?" nikasema. "Kumbe kufundisha bado unaweza. Jana ulinipa penseli ya nini?"

 Akasogea akanipisha. Mwalimu aliyestaafu hana namna nyingine ya kuomba radhi, na mimi sikumdai zaidi. Nikakaa katikati kabisa. Lohay alinipiga pointi nyingi sana leo na sina kinyongo.

Nimeshaliandika kwenye daftari, la kumi na tatu. YET, bado, hutanguliwa na NOT. Mfano: mzee ameambiwa aondoke, anajibu bado.

Jua lingalipo, naona kopo la rangi nyekundu chini ya kitanda, na rangi iliyo chini kabisa haijakauka. Kesho asubuhi nauandika mlango wangu mwenyewe: NOT YET. T ninayo moja, itapita mara mbili. Siku hizi nimeerevuka. Wanangu wakija kujadili nani anichukue, wasome kwanza. Na yule mgeni mwingine, aliyemchukua Mama Rehema bila kupiga hodi, naye asome. Akijifanya hajaona akaingia, nitamdaka koti.

Shikamoo, nitamwambia. Hujui kusoma?