Dada wa Kompyuta

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu za mdogo wako uliyemfundisha kunyoa ndevu. Shemeji na watoto hawajambo? Mimi mzima, na uzuri bado haujanitoroka. Mama naye anaendelea, ila habari zake zina mkia, soma taratibu.

Unajua zahanati yetu ya wanyonge ni mimi. Daktari anatibu, lakini miaka kumi na saba anayepokea wagonjwa ni mimi, na shida ya kila mtu iko kichwani mwangu. Shule niliiacha njiani, kumbukumbu sikuiacha. Sasa serikali imeleta mpango mpya: asiyeandikishwa kwenye bima hapati dawa ya bure. Na mpango ukaja na binti wa kompyuta. Kaka, vidole vyake ni mvua ya rasharasha. Bibi mmoja wa kisukari, aliyekuwa akiniita mume wangu, wiki ya pili tu kahamia dirishani kwake, akaniambia mume mzee hutunzwa, hatazamwi. Nikacheka na foleni. Moyoni naungua.

Fomu nakusanya mimi, anaingiza yeye. Basi nikawa nazibana nyingine kabatini, wakubwa wamwone mzembe, halafu siku za mwisho nizitoe mimi niwe shujaa. Kumbe tarehe ya mwisho ya kuandikisha ilirudishwa nyuma wiki mbili. Tangazo lilikuja kwenye kompyuta yake, na mimi nilikuwa nimemnunia, simsemeshi.

Kaka, fomu ya mama ilikuwamo. Alinyimwa dawa za presha mara mbili kwenye dirisha la dawa, akanificha nisiaibike kazini, mpaka juzi akaanguka sokoni. Alipozinduka pale zahanati ulimi ulikuwa mzima: alimtukana yule binti mbele ya watu kwamba kampotezea fomu. Binti alikuwa ameshaziona fomu kabatini mwangu asubuhi ile. Akanitazama, akamwomba mama radhi.

Leo ofisi kuu wamekubali fomu zote thelathini, mradi aliyezichelewesha aandike barua ya kukiri. Binti alikuwa ameshashika kalamu, akisema yeye bado kijana, atapata kazi kwingine. Nimemnyang'anya, nikaandika mwenyewe. Kanizidi vidole, kanizidi wagonjwa. Uungwana pia, hapana.

Kazi sijui kama ninayo. Mama bado sijamwambia. Njoo Jumapili, kaka, ukae katikati yetu.

Wabusu watoto, na shemeji mwambie mkwewe leo kameza dawa zake.

Ni mimi mdogo wako,
Mtanashati