Jina la Babu Lilikuwa Likinadiwa Samail

Dada yangu Zuwena,

Shikamoo. Najua aliyelala kaburini haitikii, lakini sijawahi kuanza kusema na wewe bila ya shikamoo na sitaanza leo.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa herufi za kisomo cha ngumbaru, zile ulizokuwa ukizicheka kwamba zinatembea kama kuku waliomwagiwa mtama. Mwanangu alitaka aniandikie, nikamkatalia. Mimi na wewe miaka yote tulisemeshana kwa kanda za kaseti. Msafiri wa kutoka Tabora alikuwa na kanda yako mfukoni, wa kutoka Ibra alikuwa na yangu. Sasa sina wa kumpelekea kanda. Basi naandika, na wasome na wenzetu waliokuja huku Omani kutoka bara wameshika karatasi yenye jina la babu, wakadhani karatasi ndiyo babu.

Unakumbuka bustani ya Babu Seif, nyuma ya nyumba kule Ng'ambo ya Tabora? Vitunguu na mchicha, na kisima kile cha kamba. Alikuwa akifungulia maji tuta kwa tuta, na kila tuta lina muda wake. Muda ukiisha anaziba kwa tope, hata kama vitunguu havijanywa. "Athari imekwisha. Haya sasa ya mwenzangu." Na mwenzake hayupo, bustani nzima yake. Wewe ndiye uliyekuwa na ulimi, ukamwuliza, "Babu, huyo mwenzio nani, mbona hatumwoni shambani?" Akakujibu, "Yupo." Ukacheka mpaka ukakaa chini. Lakini siku uliyomwuliza mama yake alikuwa nani, aliingia ndani akalala mchana, yeye asiyelala mchana.

Mimi nilikuja Omani mapema, wakati mambo mepesi. Wazee wawili walisimama wakasema huyu ni wetu, nikapewa uraia, yakaisha. Nilikaa Ibra kwa sababu karatasi ya babu ilisema Seif bin Khamis wa Ibra. Na nilikaa kwa heshima. Nani alikuwa akiendesha lori kama mimi? Niliyelipeleka lori Tabora mpaka Mpanda wakati wa masika, wengine wamezama njiani wanapika ugali juu ya boneti, mimi napita nawapungia mkono. Huku jangwani palikuwa mchezo kwangu.

Kisha miaka ya tisini shemeji akafa, ukabaki peke yako kwenye nyumba inayovuja. Kanda ile ninayo. Ulisema, "Salumu, mimi sitaki utajiri wa Waarabu wako. Nataka nizeeke karibu na mtu tuliyenyonya naye ziwa moja. Nilete." Nikaapa nitakuleta.

Nikaenda ofisi ya uraia kifua mbele. Wakaniambia mambo yamebadilika. Wanataka majina ya baba na mama wa babu, na mashahidi wawili wa damu, si majirani. Nikasema hilo jambo la asubuhi moja.

Nilikwenda kwa mzee wa ukoo wa Khamis, hapo hapo Ibra, nikanywa kahawa yake, nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Khamis alikwenda Tabora, kweli," akasema. "Akarudi, akafa hapa. Hakuzaa mwanamume."

"Kamzaa Tabora."

"Ewe Zinjibari, sikiliza. Khamis aliacha mabinti watupu, ndiyo maana ndugu zake wakarithi pamoja nao. Angekuwa na mtoto wa kiume, hao ndugu wasingepata hata kokwa ya tende. Unayaona mashamba haya? Sote tumekaa juu ya kwamba Seif wako hayupo."

"Mimi si Zinjibari," nikamwambia. "Mimi mtu wa Tabora. Zanzibar nimeiona kwa mbali, nikiwa ndani ya meli."

"Hiyo nayo umekuja kuirithi?" Wakacheka wote barazani.

Dada, nilipigana nao miaka. Nilisema wamemnyima babu yetu haki ili wale mitende yake. Nilisimama msikitini, nilisimama sokoni, nilisimama mbele ya kadhi. Walipoacha kuniamkia nikaona nimewashinda. Kichwa changu unakijua, mama alikuwa akisema kikigonga ukuta, tuuhurumie ukuta.

Wewe ndiye uliyenishusha, kwa kanda. Nilikulalamikia watu wa Ibra, nawe ukajibu kwa sauti ile ya mtu anayechambua mchele. "Salumu, umemaliza? Haya, nyamaza sasa. Bibi aliniambia hivi. Mzungu alipokuja kuhesabu watu, alisimama mlangoni akauliza nyumba hii ya nani. Wakamwambia ya Khamis wa Ibra. Basi akawaandika wote waliomo kuwa wa Khamis, mpaka mpishi Mnyamwezi naye akawa bin Khamis wa Ibra. Babu alikuwa kijana wa dukani tu, analala nyuma ya magunia. Na siku anakufa, mimi nilikuwa nammwagia maji kichwani, alisema yeye mwana wa Nasor, wa Samail. Nilidhani ni homa. Wewe mwanamume mzima unagombea mitende ya watu, huoni haya?"

Niliisikiliza mara moja, nikazima redio. Nikaenda barazani kwa yule mzee wa Ibra, nikamwamkia mbele ya watu wake. Akanimiminia kahawa.

Samail ni bonde refu, vijiji juu ya vijiji, na kina Nasor hawahesabiki. Niliuliza kila msikiti. Nikapanda mpaka Nizwa, kwenye mahakama, nikakaa na karani ananifungulia hati za mirathi za watu wa Samail, za mitende, za visima, za vyumba. Nilikuwa nikimwambia soma, anasoma. Nasor fulani kafa, karithiwa. Seif fulani kafa, karithiwa. Hakuna aliyekwenda bara. Karani akachoka, akaniambia, "Baba, huenda babu yako alidanganya." Nikamwambia arudie tena nione.

Miaka ikaenda. Kanda zako zikawa fupi. Kikohozi kikawa kinakata maneno. Ulikuwa ukisema, "Usikimbie, Salumu, mimi nipo," halafu unakohoa.

Ilikuwa Ijumaa, nimeshuka Samail kwenye kijiji cha juu, sina ninalotafuta, nimechoka, natia maji gari. Chini ya ukuta wa msikiti watu wamekaa wananadi maji ya falaji, ule mfereji wa kijiji. Huko maji ni mali kama nyumba. Mtu anarithi muda wake, nusu saa yake, na ya asiyeyatumia yananadiwa kwa wiki. Dalali anataja maji ya fulani, watu wanapandisha bei. Nimesimama na debe langu, nikamsikia dalali akisema, "Athari ya Seif bin Nasor bin Ali, ghaibu. Nani?"

Athari, yaani ile nusu saa ya maji. Neno la bustani ya vitunguu. Ghaibu, yaani mwenyewe hayupo na habari zake hazijulikani. Debe liliniponyoka.

Nikamfuata mzee anayesimamia falaji, nikamshika mkono, nikamwuliza huyo Seif alikwenda wapi. "Sawahili," akasema, na Sawahili kwao ndiyo huko kwetu. "Alikwenda ujanani, baba yake amekwisha kufa. Ami zake walipoona miaka imepita walikwenda kwa kadhi wamhesabu maiti, wagawe maji yake. Kadhi akamwita mama yake, Shamsa binti Hamed, achukue fungu lake la mama. Akakataa. Akasema, nileteeni kwanza aliyemzika. Kila wakimwita anasema hilo hilo, mpaka akafa. Baada yake watu wakaona haya kugawa. Maji yananadiwa, fedha zinazopatikana ni za msikiti, na jina halikushushwa."

Umeelewa, dada? Nilikaa Nizwa natafuta mirathi ya mtu ambaye hakurithiwa. Mama yake alimzuilia kifo chake. Na mimi nilipokuwa Ibra napiga kelele kwa ukoo usio wetu, kila Ijumaa jina la babu lilikuwa likitajwa mbele ya watu mahali ambapo kwa gari ni mwendo wa asubuhi moja.

Sikungoja msafiri wa kanda. Nilikwenda posta Samail nikapiga simu kwa jirani yako Mama Hadija. Nilianza kusema kabla hajaniamkia.

"Mwite Zuwena. Mwambie amepatikana."

"Salumu," akasema, "hukupata habari? Tumemzika juzi."

Nikamwambia, "Mwambie ni Seif bin Nasor bin Ali, na mama yake Shamsa binti Hamed."

"Nimwambie nani, Salumu?"

Nikamrudia tena majina yote, pole pole, kama mtu anayeagiza sukari. Akanisikiliza, Mungu amlipe. Hakukata simu mpaka pesa zangu zilipokwisha.

Wajukuu wa wale ami walinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Hawakunitukana, hawakuniita Zinjibari. Mmoja ana masikio ya babu, yale yaliyosimama. Walinipeleka kwa kadhi wakanishuhudia kwa damu. Kadhi akaniuliza kama Seif bin Nasor amekufa. Nikasema amekufa Tabora, na aliyemmwagia maji kichwani ni dada yangu, na nimeliona kaburi lake. Akaandika. Ijumaa iliyofuata nilikaa chini ya ukuta ule. Dalali alinadi maji ya watu wengine, akapita pale palipokuwa jina la babu bila kusimama. Yule bibi Shamsa alilishika maisha yake yote, mimi nimekuja kuliteremsha siku moja. Mzee wa falaji aliniambia nimefanya haki. Huenda.

Kisha nikarudi ofisi ya uraia na karatasi zote, kwa sababu nilisema nitakwenda, na nikisema naenda. Kijana wa dirishani, mama yake mzaliwa wa Kigoma, alizisoma zote akatabasamu. Akanambia kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, "Hongera, mzee. Sasa hakuna kitu imebaki. Leta dada yako."

Nilitaka kukataa, Zuwena. Nilitaka nimwambie yupo, anakohoa tu, anakuja. Nilisimama pale, mimi mbishi wa Tabora na Ibra na Samail, watu nyuma yangu wananisukuma, nikatafuta ubishi wangu wote nisiupate. Nikasema amekufa. Akasema pole, akafunga faili, akamwita mwingine.

Lala, dada. Nyumba yako ile inayovuja nimemwachia Mama Hadija. Kanda zako ninazo zote na sizisikilizi. Nikifika huko nitakuamkia kwanza, halafu utaniambia tena mahali nilipokosea.

Mdogo wako,
Salumu bin Abdalla bin Seif bin Nasor bin Ali, wa Samail