Nyumba Isiyo na Mafiga

Kindu, Jumapili mchana

Yaya wangu mpendwa, dada Bernadette,

Ndiyo hivyo, na kabla rezo ya simu haijatukata nilitaka kumalizia kukuambia kwamba taa za njiani za aveni yetu zinajua kama mtu anapita. Zinakaa zimefifia kama macho ya anayesinzia, na mtu akitokea zinafunguka mbele yake moja baada ya nyingine, kisha zinafifia tena nyuma yake ili umeme usipotee bure. Simu ilipokatika ulikuwa unacheka. Nilifurahi sana kukusikia unacheka, nikaona afadhali niandike yote, maana Matata mchuuzi anashuka Kibombo kesho na pikipiki yake kuchukua mchele, naye ameahidi kukupa barua hii mkononi mwako.

Basi pokea salamu zangu nyingi, wewe na watoto na shemeji Zéphirin. Mgongo wako unaendeleaje? Mpunga umekubali mwaka huu? Mimi ni mzima, na mume wangu ni mzima. Utanisamehe, ninaandika "mume wangu" hata mahali pasipohitajika, maana neno hilo bado ni jipya mdomoni na lina utamu wake.

Yaya, nimeolewa na mtu mzuri. Rémy anafanya kazi katika kituo cha umeme wa jua, pale wanapotunza betri na kuangalia mita. Kila nyumba ya kartie hii mpya, mtaa mzima, ina mita inayotuma habari zake kituoni, na kwenye kioo cha kompyuta kila nyumba ina mstari wake. Nikiwasha jiko la umeme, mstari wetu unapanda, na mara simu yangu inalia: ni Rémy ananiandikia kwamba ameiona chai hiyo, nisimalize sukari. Anasema katika mistari yote ya kartie, wa kwetu ndio mzuri, na akiwa amechoka anauangalia huo tu. Mimi, na diploma yangu ya serikali, ninarudia kusoma ujumbe kama ule mpaka maji yanakauka jikoni.

Lakini kazi yake haina saa. Mawingu yakikaa, lazima wagawe umeme uliobaki, naye analala kulekule. Basi ninabaki na nyumba. Ni nyumba nzuri, Yaya: maji yanatoka ukutani, jiko halina moshi, taa hazina mafuta. Kila kitu kiko ndani, na kwa kuwa kila kitu kiko ndani, hakuna anayetoka. Jioni ninakaa dirishani. Taa zikifunguka najua mtu anapita. Ninasimama, ninanyoosha kitambaa cha kichwa. Kisha zinafifia, na hakuna aliyegonga.

Katika kukaa hivyo nimekuwa ninakumbuka vita vya hapa Kindu, jambo la ajabu kwa mtu aliyetoka tu kuolewa. Nilikuwa mtoto mdogo, lakini moto wako ninaukumbuka. Mama alikuwa amevuka kwenda shambani ng'ambo ya mto, njia ikafungwa, hakurudi, na wewe, msichana tu, ukabaki na mimi na mafiga matatu. Viberiti vilikuwa vimekwisha mjini, na moshi mwingi uliwaita askari, kwa hiyo wamama wa aveni walikubaliana moto ukae mahali pamoja, na mahali hapo pakawa kwetu. Uliufukia katika majivu kama mtu anayemfunika mtoto. Wamama walipita kwenye tundu la ua na vigae vyao kuomba kaa la moto. Hakuna aliyekuja mikono mitupu. Huyu alileta majani ya muhogo ya sombe, yule chumvi iliyofungwa kwenye ncha ya kitenge, mwingine habari tu kwamba fulani yuko hai. Tuliishi kwa moto ule. Njaa niliijua wakati huo, lakini upweke sikuujua.

Sasa sikia nilichofanya. Jumanne nilikwenda sokoni nikanunua mbabula ndogo ya kupikia na mfuko wa makala ya miti. Makala yamekatazwa hapa, ndilo sharti la kupewa nyumba, ili msitu upate kupumzika, na Rémy mwenyewe ndiye anayepita mlango kwa mlango kuwaeleza watu. Nilijua. Niliwasha hata hivyo, nyuma ya nyumba, nikateleka sombe. Makala yalikuwa na unyevu, moshi ukapanda kama wa kuchoma shamba.

Wa kwanza kufika alikuwa Jeannette, mama wa nyumba ya kulia, ambaye hata sauti yake sikuijua. Alikuja mbio na ndoo ya maji, na nyuma yake Mama Onema, mjane wa ng'ambo ya aveni, na ndoo yake. Walifikiri betri zetu zinaungua. Jeannette akaangalia sufuria, akaangalia ndoo, akasema, "Kumbe njo sombe. Mimi nilikuja kuzima bibi arusi." Mama Onema hakucheka. Alichuchumaa, akayapanga upya makala yangu bila kuombwa, na kuniambia kwamba nimewasha moto kama muntu wa masomo. Wakakaa. Jeannette akanieleza kwamba jioni na yeye huziangalia taa, na kila anapoona dirisha langu anajisemea kwamba bibi arusi na bwana wake hawataki kusumbuliwa.

Huko kituoni Rémy aliona mstari wetu umelala chini saa ya kupika. Alituma ujumbe, lakini simu ilikuwa ndani. Basi akakimbia. Alitokea kwenye kona ya nyumba na kofia ya kazi kichwani, akanikuta katikati ya wamama na moshi, nami nikajua leo nitamsikia akinifokea kwa mara ya kwanza. Alishika ukuta tu, akapumua.

"Nilizani umeondoka," akasema.

Wamama walichukua ndoo zao wakaondoka. Nilimwambia siku hiyo kwamba ninakaa peke yangu mno. Akauliza kwa nini sikusema. Nikamjibu kwamba nilikuwa na furaha, na sikujua kama furaha na upweke vinaweza kulala nyumba moja.

Alikwenda mwenyewe kumwambia mkubwa wake habari ya makala yangu, akaonywa mbele ya wenzake. Mbabula imeondoka. Siku hizi Rémy anawaomba watu wapike mchana, jua likiwa kali, maana saa hiyo betri zimejaa na umeme unaozidi unapotea. Basi Jeannette analeta sufuria yake kwangu, au mimi kwake. Jioni bado ni ndefu.

Sasa lile ambalo hata Rémy sijamwambia vizuri. Kwetu dada mkubwa ndiye anayemwashia bibi arusi moto wa kwanza. Wewe hukuja, ulituma neno kwamba nyumba isiyo na mafiga, moto utauweka wapi. Niliwaambia wakwe kwamba mavuno yamekuzuia, nikacheza ngoma mpaka viatu vikakatika. Lakini Jumanne, wamama walipoondoka, niliyaangalia makala yakizimika, nikaelewa kwamba sikuwa ninaita majirani. Nilikuwa ninajiwashia moto ambao mtu hajiwashii mwenyewe. Na ninajua, Yaya, kwamba si mafiga. Ni Kindu. Ulinipeleka Kibombo vita vilipokwisha, nami nikarudi huku kusoma, lakini wewe hujaukanyaga mji huu tena. Ni ng'ambo ile ya mto uliyokuwa unaiangalia ukimngoja Mama. Sasa nimemngoja kidogo tu mtu ambaye analala kazini na anarudi, nikaona jinsi kungoja kulivyo. Sikuombi uje.

Wasalimie watoto, mwambie shemeji aniwekee nafasi uani. Salamu pia kwa Josiane wa jirani na wote wanaoniulizia. Rémy ameomba ruhusa na amepewa. Utaniwashia huko kwako, kwenye mafiga yako, nipike mbele yako, na mtu wangu wa jua ale huku machozi ya moshi yanamtoka. Usitayarishe kitu. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuwa mlangoni kwako.

Mdogo wako anayekupenda,
Bénie