Bi Kelele Amesema, Editha Ameshaondoka

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijawahi kuanza kuongea na wewe bila shikamoo, na nikijaribu kuiruka mkono unagoma. Nakuandikia kwa wino, kitu ambacho wewe usiyeona hukuwahi kukisoma maisha yako yote. Barua zako za wino nilikusomea mimi tangu nikiwa darasa la tatu, na nikifika mahali pabaya ulikuwa unajua kabla sijatamka, eti kwa sababu nilivuta pumzi. Hii nitakuja kuisoma kwa sauti pale kaburini. Wapita njia wa Kasingirima waseme wanavyotaka.

Nyumbani tupo. Redio yako ameichukua Baba Mdogo, na anaisikiliza kwa sauti ya chini sana, kama vile wewe bado umelala chumba cha pili. Nimemwambia aongeze sauti, hataki. Mimi bado nina kibanda changu Mwanga, naweka programu kwenye kompyuta za watu na kusafisha printa zilizoziba wino. Ukiniuliza naendeleaje, naendelea vibaya. Nimekuwa mkali kwa wateja mpaka wengine wamehama.

Nianze na baya zaidi, maana ulikuwa hupendi mtu anayezunguka. Editha ameondoka shuleni.

Usiseme nilizembea. Ngoja nikueleze.

Unakumbuka baba yake alivyomleta kutoka Mwamgongo, mtoto haoni, hajawahi kukaa kwenye dawati. Mimi nilikuwepo siku ile. Alikwambia, "Mwalimu, namwacha kwa ajili ya hivyo vitabu vyako. Siku vitabu vikiisha, nitamfuata." Ukacheka ukamwambia vitabu haviwezi kuisha maadamu Bi Kelele yupo hai. Bi Kelele, ile mashine yako kuukuu ya kuchapa nukta nundu, iliyokuwa inatoboa karatasi nzito kwa kishindo cha mtu anayepigilia mabati. Mtaa mzima wa nyuma ya shule ulikuwa unajua lini darasa la wasioona lina kitabu kipya. Na Editha ndiye aliyekuwa anavimaliza. Mpaka darasa la sita hili alikuwa anasoma kwa vidole haraka kuliko mimi kwa macho, na ulikuwa unapenda kunitania kwa hilo mbele za watu.

Basi, wewe ukaondoka kwa presha, ghafla, hata chai yako haijapoa. Arobaini haijafika, radi ikapiga shuleni ikaunguza ile kompyuta yako kubwa. Wasamaria wakaleta nyingine. Mwalimu mkuu alifurahi, akaniita niione: mpya, nyembamba, inawaka kimya kimya. Mimi nikaenda moja kwa moja nyuma yake, kama ulivyonizoesha, nikapapasa. Matundu ya USB, tundu la skrini, tundu la mtandao. Lile tundu pana la matundu ishirini na tano, la printa za zamani, halikuwepo. Mwalimu mkuu akaniuliza, "Hadija, si wewe ndiye fundi?" Nikajibu ni kazi ndogo. Nilijibu hivyo kwa sababu Editha alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza, na baba yake alikuwa ameshasikia habari za msiba na za radi. Alituma ujumbe kwamba shule ikifunga anakuja, na asipokuta kitabu kipya anaondoka na mwanawe.

Nikaanza na waya ule wa USB wenye kichwa cha printa, kwa sababu ndio uliokuwepo dukani. Ulishaniambia kuhusu waya zile. Kompyuta inazisalimia vizuri, inasema printa ipo, lakini programu yako ya nukta nundu ni ya zamani, inabisha hodi kwenye mlango mmoja tu, ule wa LPT1, ndilo jina la lile tundu pana, na usipokuwepo haizunguki dirishani. Ndivyo ilivyokuwa. Taa ya kijani ikawaka, Bi Kelele akanyamaza.

Nikaagiza kadi kutoka Dar, ya kuchomeka ndani ya kompyuta ili iongeze mlango wenyewe. Nikaichagua kwa picha kwenye simu. Ilipofika, nikafungua kompyuta, kadi haiingii kwenye sloti, ule mfereji wa kuichomekea: meno yake ni ya sloti za zamani, ndefu, na hii kompyuta ina sloti fupi. Ningekuwa na wewe ungenifumba macho kwa kiganja chako, uniambie niingize kidole kwenye sloti kwanza, kisha nipime kadi kwa kidole hicho hicho. Ulikuwa unaninyanyasa na hicho kidole. Nikairudisha, nikaagiza ya sloti fupi. Nayo ikaja na bati la nyuma refu, la makasha mapana, na kasha hili jembamba halifungi. Nikalifungua bati nikalitupa, nikaiacha kadi uchi na kompyuta bila kifuniko. Mwalimu mkuu alitazama akatikisa kichwa. Kompyuta ikaiona kadi, ikaiita LPT3. Nikaingia kwenye mipangilio nikaibadilisha iwe LPT1. Hapo nilikuwa nahesabu siku, Baba, kwa sababu shule ilikuwa karibu kufunga.

Nikachomeka ule waya wako mnene wa kijivu, uliokuwa unaulaza chumbani kwako usiibwe shuleni, nikabonyeza. Bi Kelele akashtuka, akapiga mstari. Watoto wakakimbilia. Nilikuwa nimeshashika simu nimpigie baba yake Editha. Editha akaweka kidole, akakipitisha mpaka mwisho, akarudi mwanzo.

"Dada Hadija," akasema, "haya siyo maneno."

Nilidhani ni kadi tena. Nilihangaika na kadi ile mpaka nikaota meno yake. Shule ikafunga, na baba yake akaja. Nilimweleza yote, kadi, sloti, mlango, na alinisikiliza kwa heshima, amekaa kwenye dawati la watoto magoti yakiwa juu. Baadaye akasema, "Binti, mwalimu aliniambia vitabu haviishi. Mwalimu mwenyewe ameisha." Nilimchukia kwa maneno yale, na hadi leo sijaona kosa ndani yake. Niliwasindikiza mpaka Kibirizi. Editha alipanda boti ya mizigo ameshika kifurushi chake, hakulia. Ni afadhali angelia.

Sasa nikwambie kilichokuwa kibovu, na uniwie radhi kama nitaandika vibaya hapa.

Nilibeba ule waya wako nyumbani. Nikakaa nao ukumbini na mita yangu, napima pini moja moja, huku na huku. Nyingine zinaitikia. Mbili haziitikii kabisa, na moja inaitikia nikiukunja waya, nikiunyoosha inakata. Ndiyo maana herufi zilikuwa zinatoka nyingine. Nikalipapasa gamba lake kama ulivyonifundisha, na katikati nikakuta limevutika, limebana, pana kovu la fundo. Baba Mdogo akaingia na kikombe chake cha chai, akatazama.

"Huo si ule tuliofungia turubai?" akasema.

Turubai la msiba wako, Baba. Siku ile upepo wa ziwa ulikuwa unalinyanyua, kamba zikapungua, na watu walikuwa wamejaa uani. Yeye akaingia chumbani kwako akatoa waya mnene, akaona ni takataka za zamani, akafunga nguzo. Ukakaa pale msiba mzima, ukavutwa na upepo, ukanyeshewa. Na kwa kuwa ndugu yako ni mtu mwaminifu, walipokunja turubai aliufuta matope akaurudisha pale pale alipoutoa. Angeutupa ningetafuta mwingine tangu mwanzo.

Nilimpigia kelele. Nilimwita majina ambayo hupaswi kuyasikia hata ukiwa huko. Akaweka kikombe chini, akakaa sakafuni, mtu mzima yule. "Nilitaka watu wasilowe kwenye msiba wa kaka," akasema. Mimi nikalia kwa hasira na yeye akalia kwa aibu, chai ikapoa, na hakuna aliyemfariji mwenzake. Tumeshapatana. Lakini najua kila ukumbini panapokuwa kimya anafikiria waya.

Waya mwingine niliupata kwa mwenye stationery mmoja karibu na stesheni, aliyekuwa na printa iliyokufa chini ya meza, ameiwekea rundo la karatasi juu. Niliinama nikafumba macho, nikapapasa nyuma yake: kichwa kipana, masikio mawili ya waya ya kukibana, na upande wa pili pini zote zimesimama wima. Waya mfupi, kama ulivyopenda. Aliniruhusu nichomoe niende nao, akanitazama kama mwehu. Mchana ule ule Bi Kelele akasema. Alipiga ukurasa mzima, safi, na watoto wa bweni ambao hawakwenda likizo wakasoma kwa sauti, wanapokezana, wanasahihishana. Majirani wakachungulia. Mama mmoja muuza mihogo akasema, "Kumbe mwalimu wetu karudi." Nikamwomba asirudie maneno hayo.

Sikufurahi. Natamani kukwambia nilifurahi. Nafasi ya Editha kwenye benchi waliiacha wazi bila kuambiwa.

Nikachapa kitabu kizima cha hadithi, kile ulichokuwa umemwahidi, nikakifunga kwa nailoni, nikapanda boti Kibirizi kwenda Mwamgongo. Tuliipita misitu ya Gombe, abiria wanaongea Kiha na kucheka, mimi nimekumbatia kitabu kama mtu anayepeleka mgonjwa hospitali. Tulifika asubuhi. Nikawasalimia akina mama waliokuwa ufukweni, "Mwakeye," kama ulivyokuwa unasalimia wewe, wakaniitikia, wakanionyesha alipo.

Alikuwa anaanika dagaa. Amechuchumaa, anawatandaza kwa viganja juu ya mchanga, anawageuza, anachagua uchafu kwa kugusa. Anafanya vizuri, wanamsifu. Alinitambua kwa kikohozi. Akanawa ziwani, akajifuta kwa kitenge, nikamwekea kitabu mapajani, nikakaa pembeni kusubiri acheke.

Akapitisha kidole. Akarudia. Akabadilisha mkono.

"Dada," akasema kwa upole, kama anayeogopa kuniumiza, "bado siyo maneno."

Baba, nilikichukua kile kitabu nikakitazama kwa macho yangu. Maneno yalikuwepo. Mstari wa kwanza, wa pili, wote. Nikashika mikono yake. Chumvi, mchanga na magamba vimeikausha, ncha za vidole zimekuwa ngumu kama kwato, zimepasuka pembeni. Vile vidole ulivyokuwa unamkataza hata kuosha sufuria navyo. Nikataka kumdanganya kwamba mashine bado mbovu, nitarudi kuitengeneza. Ulimi ulishafika hapo. Lakini wewe hukuwahi kumdanganya, na angejua, maana nilivuta pumzi.

Nikamwambia, "Mashine ni nzima, Editha. Ni vidole."

Akaificha mikono ndani ya kitenge. Hapo ndipo alipolia.

Baba yake alikuwa nyuma yetu na wavu begani, amesikia. Alikwenda nyumbani, akarudi na maji ya uvuguvugu kwenye beseni na mawese kwenye kikombe, akachuchumaa mbele ya mwanawe, akamwosha kidole kimoja kimoja, akampaka, taratibu, kama anayeogopa kukifuta kitu. Wavuvi wenzake walipita wakamwamkia, hakuinua kichwa. Alipomaliza akaniambia bila kuniangalia, "Mbalamwezi ikianza taa zetu hazivuti dagaa, hatuvui. Nitamleta mwenyewe. Mpaka hapo hagusi dagaa." Kisha akauliza, "Vitarudi?"

Nikamwambia sijui. Sijui, Baba. Ni wewe tu uliyekuwa unajua mambo ya vidole, na sikukuuliza kwa sababu nilidhani upo.

Mbalamwezi inaanza wiki hii. Baba Mdogo ameomba yeye ndiye awapokee Kibirizi, nami nimemkubalia. Chumba chako tumekifungua, Editha atalala humo badala ya bweni, nimpake mawese asubuhi na jioni, na Baba Mdogo amesema vyombo vyote vya nyumba hii ataosha yeye.

Pumzika, Baba. Mungu akupe mahali ambapo husubiri mtu wa kukusomea. Mimi nakuahidi hili moja: sitaanza kwa kumpa kile kitabu. Nitachukua karatasi tupu nzito, nimwekee kidole, nianze naye pale ulipoanza naye wewe, kwenye herufi a, ambayo ni nukta moja peke yake. Nitakaa hapo mpaka aisikie.

Mwanao,
Hadija