Benchi la O kwa Mama Sabina

Ifakara, Juni 1997

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Natumaini goti lako limepata nafuu na umerudi kuwashinda wasichana kuchuma chai. Sisi huku ni wazima, na safari hii neno hilo siliandiki kwa mazoea. Tumepata mtoto wa kike, ana wiki tatu. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu mkweo Tusekile tulikaribia kumpoteza, na sikujua nianzeje kukueleza.

Nianzie mbali kidogo, univumilie, ualimu ni ugonjwa. Karibu na shule yetu kuna mjane wa Kipogoro anayeuza chai, anaitwa Mama Sabina. Mwaka jana sista mmoja mgeni alimsomea jarida la Ulaya lililosema kila kundi la damu lina chai yake ya afya. Mama Sabina akaishika habari hiyo kama katekisimu. Akapanga mabenchi manne. Wa kundi O anapewa tangawizi, wa A mchaichai, wa B choya, ile ya maua mekundu, na wale wachache wa AB wanapewa majani ya mpera na pole. Kila kikombe kina uzi wa rangi kwenye mkono wake, na wa O ni mwekundu. Usipojua kundi lako hupati chai, anakutuma kwanza hospitali ukapimwe. Chai ya rangi, hiyo unayoichuma wewe, ameipiga marufuku kwa watu wote. Nilipomwambia kwamba ndiyo iliyonisomesha, alinitazama juu mpaka chini akasema ndiyo maana nimekonda.

Mimi mwalimu wa baiolojia nilicheka sana. Siku moja nilisimama katikati ya mabenchi nikawahutubia wateja kwamba chai ikifika tumboni haiulizi damu ya mtu. Walinisikiliza kwa heshima, kisha wakaendelea kunywa. Hata Tusekile na mimba yake aliniacha nikihutubia, akaenda kukaa benchi la O. Hapo alikaa kati ya Masanja, mfugaji wa Kisukuma, na Mzee Kasian, mkulima wa mpunga kutoka Namawala. Ng'ombe wa Masanja waliwahi kuingia kwenye mpunga wa Kasian, na tangu hapo walikuwa hawasalimiani. Lakini wote ni O, na Mama Sabina hakuwa na benchi la tano.

Siku ya kujifungua, mtoto alitoka salama asubuhi, ila damu ya Tusekile ikakataa kukoma. Daktari akaniambia damu ya O imekwisha, na mtu wa O hapokei nyingine. Nilimnyooshea mkono wangu wa A, Mama, nikijua kabisa haufai. Somo hilo nalifundisha kila mwaka. Nikatoka mbio. Nafanya kazi na walimu wengi, na sikujua kundi la damu la hata mmoja wao.

Miguu ikanipeleka kwa Mama Sabina. Nikamwambia Tusekile anavuja damu, wanataka O. Aliweka birika chini, akageukia benchi.

"Nyuzi nyekundu, acheni chai. Twendeni."

Wakainuka watu sita. Masanja alikuwa na baiskeli, akampakia Mzee Kasian nyuma. Hawakusemezana njia nzima. Hospitali iliwapima wote, wakafaa wanne, Masanja na Kasian wakiwamo, na hao wawili wakalazwa vitanda vilivyopakana, kila mmoja amenyoosha mkono wake. Jioni Tusekile akafumbua macho, akaomba maji. Nililia mbele ya wanafunzi wangu waliokuja kutujulia hali na sikuona haya.

Nilipokwenda kumshukuru Mama Sabina, alisema, "Umeona, Mwalimu? Tangawizi." Badala ya kumsahihisha, nilimwomba kikombe cha mchaichai. Mpaka leo siamini kwamba chai inajua damu. Lakini mimi mwenye vitabu sikujua damu ya jirani yangu, na yeye anaijua ya mtaa mzima. Sijawahi kumheshimu mtu hivi, ukiacha wewe. Kila asubuhi sasa nakaa benchi la A, nakunywa mchaichai wangu.

Nisalimie mjomba Ambakisye, mwambie namshukuru kwa mkongojo aliokuchongea. Dada Subira anayekuuguza goti mwambie nguo za mtoto alizotuma zimemtosha.

Nina ombi, Mama. Tulikubaliana mjukuu wa kwanza wa kike achukue jina lako. Mzee Kasian ameniambia kwamba Sabina alikuwa binti pekee wa yule muuza chai. Alifariki akijifungua, damu ilikosekana, na mama yake akazunguka mji siku nzima akiuliza watu makundi yao, hakuna aliyejua lake. Sijui kama lile jarida lilisema lolote juu ya mabenchi. Sikumuuliza.

Jina lako naomba limsubiri wa pili. Huyu tumruhusu aitwe Sabina.

Nasubiri jibu lako kabla ya ubatizo,

Mwanao,
Lusajo